Insha ya tafakuri kuhusu ufeministi: nifanyeje isiwe muhtasari wa mihadhara?

Kijana_wa_Kasarani

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Nairobi. Kozi ya jinsia na jamii inatudai insha ya tafakuri ya maneno 1,500: mawazo ya kifeministi yamekutana vipi na yale uliyokuja nayo chuoni? Ina alama 30 kati ya 100. Rasimu yangu imerudi na maandishi mekundu: "Huu ni muhtasari. Ushahidi uko wapi? Na wewe mwenyewe uko wapi?" Nimebakiwa na siku 12.

Mambo matatu yananikwamisha. Mimi ni mwanamume, na kila nikijaribu kujiingiza ndani ya insha najikuta ama nawaombea wanaume msamaha ama nawatetea. Pili, darasani kuna hoja inayozima kila mjadala, kwamba haya ni mambo ya Wazungu, na sijui niijibuje kwa utulivu. Tatu, nataka kuandika kwa Kiswahili, kwa kuwa tumeruhusiwa, ila istilahi zinanichanganya. Naomba hatua za kufuata.

Msahihishaji

Kijana, hayo maandishi mekundu yote yanazungumzia kasoro moja. Insha inayoanza na "Ufeministi ni nadharia inayodai kwamba..." imeshamtoa mwandishi nje kabla ya mstari wa pili. Maneno 1,500 hayatoshi kubeba nadharia nzima. Chagua dai moja ulilolisikia muhula huu, hasa lile ulilolikataa moyoni ukiwa umeketi darasani, kisha ulipime kwa kitu kilicho karibu nawe na kinachohesabika.

Dai rahisi kupima ni lile la kazi ya nyumbani isiyolipwa. Kwa siku 12 unaweza kutunza shajara ya muda siku saba na bado ukabaki na siku za kuandika. Nunua daftari la kawaida. Kila siku ipe kurasa zake, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo mpe ukurasa wake. Gawa siku katika vipande 48 vya nusu saa, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi alfajiri ya kesho yake. Ukianzia saa kumi na mbili utaikosa kazi ya anayeamka mapema kuwasha jiko na kuandaa watoto wa shule. Kila kipande kiwe na safu nne: kazi kuu, kazi iliyokwenda sambamba, mahali, na ni nani aliyeanzisha kazi hiyo.

Safu ya pili ndiyo wanafunzi huiacha, na ikiachwa matokeo yote yanapinda. Mtu anayekaanga vitunguu huku mtoto yuko mgongoni na mwingine anafanyishwa hesabu mezani anafanya kazi tatu. Ukiandika "kupika" peke yake, malezi yametoweka. Safu ya nne ni ya kunasa kazi isiyoonekana: nani alikumbuka kwamba gesi inakaribia kuisha, nani alijua tarehe ya chanjo ya mtoto. Ukiona baba kaenda kununua unga kwa sababu mama amesema unga umekwisha, kwenda dukani ni kwa baba, kukumbuka ni kwa mama. Andika yote mawili.

Kama nyumba iko kwenye ploti ambayo maji hutoka siku mbili kwa wiki, kungoja zamu ya bomba ni kazi na ihesabiwe tangu mtu anapopanga foleni, na kubeba mitungi ya lita 20 kupanda ghorofa ya nne kuwe na kipande chake. Usitumie kitenzi "kusaidia" popote katika shajara. Andika "alifua", "alideki". "Alisaidia kufua" ni hukumu ambayo tayari imeamua kazi ni ya nani, na shajara ndiyo inayotakiwa ituonyeshe hilo.

Kasoro za kutarajia. Watu wakijua wanaandikwa hubadilika, hasa siku ya kwanza na ya pili, kwa hiyo tunza siku saba ila uitaje tofauti hiyo ukiiona. Ukingoja usiku ndipo uandike, kazi fupi fupi zitakuwa zimesahaulika. Andika mara tatu kwa siku. Jumamosi na Jumapili lazima ziwemo, maana ndizo siku za kufua. Na sote tunapima kazi zetu wenyewe kwa mkono mkarimu, kwa hiyo ukurasa wako mpe mtu mwingine wa nyumbani aukague.

Kisha geuza kila kitu kuwa dakika, ugawanye kwa 1,440. Dakika 270 ni takriban asilimia 18.7 ya siku. Hiyo ndiyo sehemu ya siku ambayo wanawake wa Kenya walionekana kuitumia kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa katika uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka 2021. Ya wanaume ilikuwa asilimia 3.6, chini kidogo ya saa moja. Linganisha na nyumba uliyoiandika, lakini usidai kwamba nyumba moja inathibitisha wala kukanusha takwimu ya nchi. Kazi yake ni kukusukuma ufikiri.

Kuhusu kujiweka ndani: andika msimamo wako wa zamani jinsi ulivyokuwa, na sababu zake nzuri kabisa, kana kwamba unamtetea mtu unayemheshimu. Tumia maneno 200 hivi. Ushahidi uchukue 350. Sehemu nono, maneno 600 au zaidi, iwe pale ambapo msimamo na ushahidi vinagongana: kipi kimebomoka, kipi kimesimama, kipi bado hujui. "Nilikuwa gizani, sasa nimeona nuru" haipati alama kwangu, kwa sababu haionyeshi ni kitu gani kilihama. "Nilidhani tunagawana sawa kwa kuwa mimi hulipa stima, shajara ilionyesha kwamba stima hulipwa kwa dakika mbili kwa mwezi" inapata, kwa kuwa tunakiona kilichohama. Kuomba msamaha na kujitetea vyote vitakwisha vyenyewe ukishika mwendo huo. Hakuna aliyekuita kizimbani.

Mwisho, ruhusa. Waeleze watu wa nyumbani unachoandika na nani atakisoma, na asiyetaka aachwe. Tumia "mtu mzima A", "B". Magonjwa, madeni na ugomvi wa ndani usiviingize. Na kama shajara itafunua kwamba kuna mtu anapigwa au kunajisiwa, hilo si la insha tena: namba 1195 hupigwa bila malipo, na aliyebakwa anahitaji kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zifanye kazi. Afike mapema kadiri awezavyo, asingojee saa hizo ziishe.

Karani_wa_Mahakama

Niongeze upande wa sheria, kwa sababu insha za mada hii huteleza sana hapo. Wengine huandika "sheria ya Kenya inawanyima wanawake urithi". Wengine huandika "Katiba ya 2010 ilimaliza ubaguzi". Yote mawili ni makosa, na msomaji anayejua ataacha kukuamini papo hapo.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Ikiwa marehemu hakuacha wosia, mtoto ni mtoto: wa kiume, wa kike, aliyeolewa, asiyeolewa. Ila kifungu cha 32 kinaacha nje ardhi ya kilimo na mifugo katika wilaya zilizotajwa, nyingi zikiwa za wafugaji, na huko mila ndiyo hufuatwa. Tangu 1990, urithi wa Mwislamu hauongozwi na sheria hiyo. Katiba yenyewe, kifungu cha 24(4), inaruhusu masharti ya usawa yapunguzwe kwa kadiri inayohitajika ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Kadhi katika ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu. Usipoyataja haya, mwenzako wa Garissa au Lamu atakuuliza, na atakuwa na haki.

Kesi ninayokuhimiza uisome ni Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufaa, 2005. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa mabinti ardhi kidogo kuliko ndugu zao wa kiume, mojawapo ya hoja ikiwa kwamba mabinti wana nafasi ya kuolewa. Mahakama ya Rufaa ikaikataa hoja hiyo, ikiegemea pia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1984. Tazama miaka: sheria inayowaita wote watoto ilikuwa imetumika kwa miaka mingi, na bado neno "wataolewa" liliweza kupima ardhi. Kama unatafuta kitu cha kutafakari, kaa na neno hilo moja.

Kingine kinachoshikana na shajara ya Msahihishaji: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kifungu cha 2 kinahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara ya familia na kazi ya shambani kuwa mchango. Kifungu cha 7 kinasema mali hugawanywa kulingana na mchango. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema kifungu cha 45(3) cha Katiba, kinachowapa wanandoa haki sawa, hakimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Katika kesi hiyo yenyewe mgao ulibaki nusu kwa nusu, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau wakaandika kwamba mwanamke alishindwa. Sasa jiulize risiti ya kuosha vyombo kwa miaka 18 hutolewa wapi.

Suala la theluthi mbili, yaani kanuni ya Katiba kwamba wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo cha kuchaguliwa, usiliguse kama huna nafasi. Ukiligusa, fanya hesabu: Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 mbali na Spika, kwa hiyo wa jinsia moja wasizidi 232, na wanawake wawe angalau 117. Viti 47 vya wawakilishi wa kaunti havitoshi hata nusu ya hapo. Jaji Mkuu wa wakati huo, Maraga, alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo, tarehe 21 Septemba 2020.

Hukumu zote zipo bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Soma hukumu yenyewe, taja namba ya aya, usinukuu gazeti lililoinukuu.

Mama_Istilahi

Nakubaliana na wenzangu isipokuwa jambo moja. Mwalimu Msahihishaji anampeleka kijana moja kwa moja kwenye dakika, na dakika hazitamjibu yule wa "mambo ya Wazungu". Huyo anajibiwa kwa historia na kwa lugha.

Mwanangu, anzia mjini kwako. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi hapa Nairobi ukidai Harry Thuku, kiongozi aliyekamatwa kwa kuwapinga wakoloni, aachiliwe. Wajumbe walipokuwa wameuambia umati utawanyike, Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake akawaambia wanaume wampe suruali zao. Ishara hiyo, guturama, ni laana nzito ya wanawake wa Agikuyu, na haikutoka kwenye kitabu cha Ulaya. Risasi zilipopigwa, naye alikuwa miongoni mwa waliouawa. Miaka 70 baadaye, Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga kula Uhuru Park, wakiwa na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai. Machi 3 polisi walipowavamia, baadhi ya akina mama walivua nguo. Ishara ni ileile.

Lakini hapa uwe mwangalifu sana. Usimwite Muthoni "mfeministi". Hakujiita hivyo, na madai ya siku ile yalikuwa ya kumfungua mfungwa. Ukimvisha jina hilo, mpinzani wako atakuvua hoja nzima. Sema tu kilicho kweli: kwamba wanawake wa hapa walikuwa na njia zao za kuwaaibisha wenye mamlaka kabla neno hilo halijafika, na kwamba neno lilipofika lilikuta watu wanaofanya kazi. Sema pia kwamba Mkutano wa Tatu wa Dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake ulifanyika katika jumba la mikutano la KICC hapa Nairobi, Julai 15 hadi 26, 1985, na mashirika yasiyo ya kiserikali yakakutana Chuo Kikuu cha Nairobi. Waafrika wengi walikuwemo, na walibishana waziwazi na wenzao wa Magharibi kuhusu madeni ya nchi maskini, ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini na Palestina. Ubishi huo ni jibu zuri kwa darasa lako kuliko kukana kwamba Wazungu wana sehemu yao.

Istilahi sasa. "Ufeministi" limekubalika katika uhakiki wa fasihi, litumie. "Taasubi ya kiume" na "mfumo dume" msivichanganye. Taasubi ni mwelekeo wa mtu: anadharau, anapuuza. Mfumo dume ni mpangilio unaoendelea hata kama kila aliyemo ni mpole na mwenye adabu, kama vile hati ya shamba kuandikwa jina la baba bila mtu kuuliza. Ukiandika taasubi mahali pa mfumo, insha inakuwa kesi ya baba mmoja mbaya, na hapo ndipo hofu yako ya kujitetea inapozaliwa. Kuhusu jinsi na jinsia, baadhi ya wataalamu huweka "jinsi" kwa maumbile na "jinsia" kwa majukumu ya kijamii. Magazeti hutumia "jinsia" kwa yote. Eleza mara moja unavyoyatumia, kisha usibadilishe.

Faida ya Kiswahili iko hapa. Kiambishi "a-" hakina mume wala mke. Andika "Daktari alimwambia muuguzi akalete faili," kisha mwulize msomaji aliona nani na nani. Lugha haikumwambia, aliwajaza mwenyewe. Halafu lugha hiyohiyo ina "kuoa" na "kuolewa": mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Vijana wengi sasa husema "wameoana". Hiyo peke yake ni aya mbili za tafakuri.

Methali ziguse kwa heshima. "Mke ni nguo, mgomba kupalilia" wengi huikata nusu, wakasema inamfanya mke kifaa. Isome yote, uone kwamba inambebesha mume wajibu wa kutunza. Kisha uliza kwa nini hata hapo mke ni kitu kinachotunzwa. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 nao ni hivyohivyo. Wapo wanaousoma kama fundisho la utiifu, wapo wanaosikia mama mgonjwa akimpa bintiye ujanja wa kuishi salama. Usichague upande kabla hujausoma beti kwa beti.

Kijana_wa_Kasarani

Asanteni sana, wazee wangu. Nimenunua daftari. Swali moja: nyumba ninayotaka kuandika ina mfanyakazi wa nyumbani, anayelala humo humo. Mama wa nyumba anafanya kazi benki. Je, nimhesabu mfanyakazi, au nimwache kwa kuwa kazi yake inalipwa?

Msahihishaji

Mhesabu, na umpe ukurasa wake kamili wa vipande 48. Umeuliza swali lililo zito kuliko yote hapa. Ukimwacha, dakika za mama zitaonekana karibu sawa na za baba, nawe utaandika kwamba nyumba hiyo imefikia usawa. Kilichotokea ni kwamba kazi imetoka kwa mwanamke mmoja ikaenda kwa mwingine mwenye mshahara mdogo, na za baba hazikuguswa.

Ila usichanganye jumla. Kazi yake iwe na mstari wake, "ya kulipwa". Chora jedwali mara mbili, akiwemo na asipokuwemo, uweke yote mawili katika insha. Kisha linganisha saa zake na sheria. Agizo la jumla la mishahara linaweka saa 52 kwa wiki, kwa siku sita. Kima cha chini kilichowekwa mwaka 2024 kwa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Saa za kuamshwa usiku na mtoto zihesabu pia. Ndizo hupotea kwa anayelala kwa mwajiri.

Mshahara wake usimuulize mbele ya mwajiri, na usiuandike. Ruhusa yake iombe akiwa peke yake, baada ya mwenye nyumba kukubali, kwa sababu akiulizwa mbele ya bosi hawezi kukataa. Mweleze kwamba daftari halitaonyeshwa kwa mwajiri, na kweli usilionyeshe. Akisema hapana, tafuta nyumba nyingine.

Mama_Istilahi

Na jina, mwanangu. Watoto wa nyumba nyingi za Nairobi humwita "anti", wakubwa humwita "msichana" hata akiwa na miaka 40 na wajukuu. Katika insha mwandike "mfanyakazi wa nyumbani", na "mtu mzima C" kwenye jedwali, kama wengine. Halafu andika pembeni, kwa siku saba, kila mmoja nyumbani humo anamwitaje.